Kiambata cha ganda kipimwe kwa kiasi chake, si kwa tunda kilikotoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala kuhusu viwanda vya chakula kugeuza taka zao kuwa bidhaa. Wengi wameupokea mpango huo kwa mikono miwili, nami sina ugomvi nao. Kinachonitia wasiwasi ni hoja inayorudiwa kila mara, kwamba kiambata, yaani kijenzi cha asili kilichotolewa kwenye ganda la tunda, hakiwezi kumdhuru mtu kwa kuwa tunda lenyewe tunalila.

Kazi hii si ngeni. Pektini inayogandisha jamu imekuwa ikitolewa kwa miongo mingi kwenye maganda ya malimau na makapi ya matufaha: huoshwa, hupashwa moto katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, kisha maji hayo huchujwa na kuchanganywa na alkoholi, ndipo pektini hujitenga kama nyuzi za utelezi, ikakamuliwa, ikakaushwa na kusagwa. Maji yanayobaki baada ya kutengeneza jibini, ambayo ni takriban lita 9 katika kila lita 10 za maziwa, yaliwahi kumwagwa mitoni yakayanyima maji ya mito hewa na kuua samaki. Leo protini yake imo katika maziwa ya unga ya watoto wachanga.

Hata hivyo, ganda ndilo linalobeba mengi ambayo mlaji hutupa bila kujua. Dawa za kuzuia ukungu yanazopakwa machungwa na malimau baada ya kuvunwa, kama imazalili, hubaki zaidi kwenye ngozi ya tunda. Anayemenya chungwa amejiepusha na sehemu kubwa ya dawa hiyo, ilhali kiwanda kinachokusanya maganda kwa tani kinaikusanya pamoja nayo. Maganda ya viazi nayo yana solanini, sumu ya asili ya viazi, nyingi kuliko nyama ya kiazi, na kuchemsha hakuiondoi.

Kisha kuna suala la muda, ambalo kwa maoni yangu ndilo linalopuuzwa kuliko yote. Makapi ya matufaha yanapotoka kwenye kinu yana unyevu na yana sukari. Yakirundikwa uwanjani kusubiri lori, ukungu huota humo bila kuchelewa. Baadhi ya aina za ukungu huo hutoa patulini, sumukuvu ambayo kiwango chake katika juisi ya matufaha kimewekewa ukomo wa mikrogramu 50 kwa kilo. Kukausha makapi baadaye huweza kuua ukungu, lakini hakuna uhakika kwamba kutaondoa sumu uliyokwisha kuiacha. Ndiyo maana nasema usalama hauanzii maabara. Mabaki yanayokusudiwa kurudi mezani yahesabiwe kuwa chakula tangu dakika yanapotoka kwenye mashine: yawekwe katika vyombo safi vyenye mifuniko, na yakaushwe au yapozwe siku hiyohiyo.

Suala la pili ni kiasi. Mwaka 1994 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ufini kwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa kila siku miligramu 20 za betakarotini, kiambata kilekile kinachozipa karoti rangi, walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa, wakati watafiti walitarajia iwakinge. Mwaka 2018 Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilionya kuwa virutubisho vya chai ya kijani vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hiyo (katekini ni viambata vya asili vya majani ya chai) vinaweza kuathiri ini, ingawa kikombe cha kawaida cha chai hiyo kwa jumla ni salama. Kwa hiyo unga wa maganda uliochanganywa kidogo kwenye mkate na kidonge kilichokusanya kiambata kimoja cha maganda hayohayo visipitie mlango mmoja wa ukaguzi. Wajasiriamali wadogo wanaolalamikia gharama za vipimo wana haki katika habari ya unga. Katika habari ya kidonge hawana.

Lebo nazo zitaje chanzo. Glukosamini na kitosani, viambata vinavyouzwa kama virutubisho, kwa kiasi kikubwa hutengenezwa kwa magamba ya kamba na kaa, na mwenye mzio wa viumbe hao ana haki ya kulijua hilo kabla ya kununua. Iwapo kimetumika kiyeyusho, yaani kimiminika cha kutolea kiambata, kama heksani, mzalishaji aonyeshe vipimo vya masalia yake, au atumie kaboni dioksaidi chini ya mgandamizo mkubwa, njia iliyokwisha kuzoeleka katika kuondoa kafeini kwenye kahawa.

Shehena itakayoshindwa vipimo isichanganywe na nyingine safi ili wastani ushuke. Ipelekwe kwenye mtambo wa biogesi, ambako bado itakuwa na faida.

Wenu,
Msomaji