Krismasi ya Kwanza Bila Babu

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.

Mwaka huu salamu nazituma mimi, binti mkubwa wa Babu. Zamani alizituma mwenyewe, na zilichelewa: kadi ya Krismasi ilibisha hodi Februari, mwandiko umepinda kwa kuandikiwa garini, nusu yake mchoro wa njia aliyopita. Salamu iliyotumwa kabla ya safari, alisema, haina habari.

Baba alikuwa kiguu na njia. Ukimgombeza, jibu lake mnalijua: mkaa bure si sawa na mtembea bure.

Tangu tumzike nimesikia mengi mazuri, nami nashukuru. Ila naona tumeanza kumpaka rangi. Kwenye masimulizi ya msimu huu amekuwa baba asiyekosa sikukuu hata moja. Alikosa. Kuna miaka Mama aliwasha taa za mti peke yake, sisi tukitega sikio kwa kila gari lililopunguza mwendo nje. Mama alinuna, na alikuwa na haki. Uhuru wa mmoja ndani ya nyumba hulipiwa na wengine. Nayasema haya kwa sababu nampenda, na kwa sababu wajukuu wake wanastahili kumjua jinsi alivyokuwa.

Kwa wajukuu hao alikuwa mtu mwingine. Pengine miguu ilikwisha kumwambia ukweli, pengine alikuwa akilipa deni. Hakusema, nasi hatukuuliza. Siku ya Krismasi watu wazima tukijazana sebuleni, yeye alikuwa nje na watoto, amechomeka fimbo ardhini, wima. Mmoja anaweka jiwe pale kivuli kinapoishia. Wanasubiri robo saa, na kwa mtoto mwenye zawadi ambayo hajaifungua, hiyo ni adhabu. Kivuli kikishasogea, jiwe la pili linawekwa kwenye ncha mpya.

"La kwanza magharibi, la pili mashariki. Haya, simama la kwanza likiwa kushoto kwako, la pili kulia. Unatazama wapi?"

"Kaskazini!"

Mdogo wao alibisha, akakimbia kuleta dira ahakikishe. Babu aliufurahia ubishi ule kuliko jibu lenyewe.

Usiku aliwaonyesha Kilimia, kile kifungu cha nyota kinachoonekana vizuri Desemba. Mwanga wake, aliwaambia, uliondoka huko zaidi ya miaka 400 iliyopita, na unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. "Huyo ndiye msafiri. Mimi najikokota tu." Watoto walicheka, nami nikawaza kwamba sijawahi kumsikia akikiri kuzidiwa na mtu yeyote.

Krismasi hii hatutamwekea kiti kitupu. Hata alipokuwa hai hakukaa. Tutatoka kutembea. Watoto watachagua njia, na mdogo wao atashika dira. Mwenye kisa chake akilete, hasa vile alivyotuficha sisi wanawe. Mama anasema vyake atavisimulia mwenyewe, na hataongeza sukari.

Mwaka mpya uwakute salama. Na ninyi mtakaokuwa safarini, pigeni simu nyumbani siku ileile, si Februari.