YAH: Malalamiko kuhusu maelekezo ya rangi yenu ya ndani kutogusia masika

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Sisi ni mafundi rangi wa Kigoma Mjini na Ujiji. Rangi yenu ya maji ya ndani, ile ya ndoo ya lita 20, inababuka kwenye nyumba za wateja wetu, kuanzia sakafuni hadi usawa wa magoti, na tunaamini maelekezo yenu yamechangia.

Ndoo inasema: usipake joto likiwa chini ya nyuzi 10, funga madirisha, washa hita. Kwa nchi zenye baridi kali hayo yana maana. Rangi ya maji ikipigwa na baridi chembe zake hazishikani vizuri, na hewa iliyokaushwa na hita hunyausha mbao mpaka nyufa zinajitokeza pembeni mwa fremu. Kigoma hata Julai haifiki huko. Kinachoharibu kuta zetu ni mvua za masika, ambazo huku kwetu huanzia Novemba hadi Aprili, na kuhusu hizo ndoo haina hata mstari mmoja. Tena mteja akitii na kufunga madirisha kipindi cha mvua, unyevu wote anaufungia ndani, na ukungu mweusi unaota nyuma ya kabati.

Nyumba nyingi hapa ni za matofali ya kuchoma, na za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Tofali hunyonya maji ya ardhini. Maji hupanda na chumvi, yakifika karibu na uso wa plasta hukauka, chumvi inaganda nyuma ya rangi na kuisukuma. Toboa lengelenge moja kwa kucha: utakuta unga mweupe, na chini yake skimu ya jasi (tabaka jembamba la kulainisha ukuta) imelainika kama uji.

Wakala wenu hujibu kwamba fundi hakupiga mikono miwili, yaani hakurudia rangi mara mbili. Hata ipigwe mitano, haizuii maji yanayotokea ndani ya ukuta.

Tunaomba mbandike maelekezo ya Kiswahili yanayoeleza haya. Plasta mpya iachwe wiki 4 bila rangi, na masika zaidi ya hapo. Kabla ya kupaka, kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45 kibandikwe ukutani kwa utepe wa karatasi wenye gundi pande zote nne, kikae saa 24. Kikitoa jasho kwa ndani, ukuta bado. Unga wa chumvi usuguliwe kwa brashi kavu, maana ukiuosha unarudi ukutani. Ukungu uuawe kwanza kwa klorini ya kufulia, sehemu 1 kwa maji sehemu 3, madirisha yakiwa wazi, ndipo msasa na praima, yaani rangi ya kwanza ya kuandaa ukuta.

Praima yenyewe ndiyo shida nyingine. Ile ya kuhimili ukali wa saruji mbichi mnaitaja kwenye ndoo, lakini dukani kwa wakala haipo. Ileteni, hata kwa madebe ya lita 4, kwa sababu chumba kimoja hakihitaji ndoo nzima.

Kwa wateja ambao rangi imeshababuka, tunaomba mtume mtu wenu apime kuta hizo pamoja nasi, na ndoo zilizonunuliwa kwa kufuata maelekezo hayo zifidiwe. Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya mvua za Novemba.

Mafundi rangi,
Kigoma Mjini na Ujiji