Dada, tumchangie binti yako kama tulivyomchangia kaka yake

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kariobangi. Nimeambiwa umeamua binti yako arudie kidato cha nne, na kwamba ulipoulizwa kwa nini asiende kusomea uchomeleaji kama anavyotaka mwenyewe, ulijibu: "Siwezi kumtupa mtoto wangu." Jibu hilo halijanitoka akilini. Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala lake, kwa sababu najua kuna nyumba nyingi hapa Nairobi, Umoja, Dandora na Kayole, ambamo maneno hayohayo husemwa kila matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza kidato cha nne, yanapotoka, na wanaoyasema ni wazazi wanaowapenda watoto wao kama unavyompenda wako.

Hofu yako ina mizizi, wala siidharau. Chuo cha Kabete, ambacho leo tunakiita Kabete National Polytechnic, kilianzishwa mwaka 1924 na serikali ya kikoloni ili kuwafundisha Waafrika useremala, uashi na kazi nyingine za mikono. Mwaka huohuo tume ya elimu ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika Mashariki, ikapendekeza elimu ya Mwafrika ielekezwe kwenye kilimo na ufundi. Wazee wetu waliona mtego mapema: nyundo kwa Mwafrika, kalamu kwa wengine. Wengine wakaamua kujenga shule zao wenyewe, wakadai watoto wao wafundishwe Kiingereza na hesabu kama watoto wa watawala. Walikuwa sahihi kabisa. Baba naye alitulea kwa msimamo huo. Unakumbuka alivyokuwa akitwambia tusome tusije tukashika koleo la mjengo kama yeye.

Lakini kilichowakera wazee haikuwa nyundo yenyewe. Kiliwakera kwamba anayeishika alikuwa amefungiwa njia, hata awe hodari namna gani. Njia hiyo leo iko wazi. Sifa zote za masomo Kenya zimepangwa katika ngazi 10, chini ya KNQA, mamlaka ya taifa ya sifa za masomo. Anayeanza na cheti cha fundi anaweza kupanda hadi cheti cha juu, kisha diploma, kisha digrii kama atataka. Na asiyetaka chuo, au hana gredi ya kuingilia chuo, anaweza kujifunza kazini kisha akafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, kuanzia daraja la tatu, halafu la pili, halafu la kwanza. Huo haumuulizi alipata nini KCSE. Anapewa chuma, mchoro na muda, kisha kazi yake inakaguliwa.

Tukiwa bado kwenye gredi, itazame KCSE ya 2024. Watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu, yaani gredi ya kuingilia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Ni kama robo. Nakuuliza kwa dhati, dada: hao robo tatu waliobaki, nchi nzima iwahesabu kuwa wametupwa?

Sasa nikueleze kitu nilichokiona kwa macho yangu, kwa sababu nadhani hujawahi kumwona binti yako akifanya kazi. Likizo ya Agosti, alipokuwa akija karakanani ninakofanya kazi, tulikuwa na oda ya geti. Nilimkatia mabomba manne ya mraba nikamwambia aunde fremu. Alipanga pembe akitumia skwea, akashikiza kila kona kwa kidoa kimoja cha moto, kisha akaniita nije nimalizie. Nikampa futi ya kupimia. Nikamwambia apime kutoka kona hii hadi ile ya mkabala, halafu azipime kona nyingine mbili vivyo hivyo. Vipimo vilipishana milimita sita. Kwa macho fremu ilikuwa nzuri tu. Akaitazama kwa muda, akasema, "Mjomba, kama pande zinazoelekeana ni sawa na hivi viwili havilingani, basi hizi pembe si za digrii 90." Hakuna aliyemwambia. Akachukua nyundo, akagonga kona iliyokuwa imejitokeza, akapima tena, akagonga tena, mpaka vipimo vikalingana. Ndipo akaniuliza kwa nini tunaanza na vidoa badala ya kuchomelea kona nzima mara moja. Nikamweleza kwamba chuma kikipata moto hutanuka na kikipoa hujivuta, na ukimaliza kona moja peke yake itaivuta fremu yote ikae upande. Kesho yake alikuja na daftari. Alikuwa amechora mpangilio wa kuchomelea: kona hii, kisha ile ya mkabala, ili mivutano ikabiliane.

Huyo ndiye mtoto ambaye ripoti zake za shule zilisema hesabu hazimwingii.

Nakuambia dada, hiyo ni akili inayofanya kazi, na haifanyi kazi peke yake humo Kariobangi. Jiko la makaa unalopikia lenye kiuno na udongo ndani halikutoka kiwandani Ulaya. Wazo la udongo lilitoka Thailand, na miaka ya mapema ya 1980 mafundi wa mabati wa hapa Nairobi, wale wa Shauri Moyo, walishiriki kulitengeneza hadi likafaa mapishi yetu na mfuko wetu. Leo limeenea hadi nje ya Kenya.

Nikirudi kwenye hilo neno lako zito, kuna namna ya kumtupa kweli, na ndiyo ninayoiogopa. Kaka yake alipopata nafasi ya chuo kikuu tulichapisha kadi, tukakodi ukumbi wa kanisa, shangazi wakapika pilau, na kila aliyeitwa akatoa alichonacho. Alienda na kompyuta mpya, godoro na baraka za ukoo mzima. Lakini angalia watoto tunaowapeleka ufundi. Wanapewa nauli ya matatu na neno "jaribu bahati yako." Hakuna anayeuliza chuo kina mashine ngapi. Hakuna anayekwenda kumwona fundi anayemfundisha. Mtoto anakaa mwaka mzima akitumwa chai na maji, akifagia, akishikilia chuma ambacho mwingine anachomelea, na akirudi nyumbani bila ujuzi tunasema ufundi haulipi.

Na uchomeleaji usiokuwa na vifaa unaumiza, sitakuficha. Umeona vijana barabarani wakichomelea kwa miwani ya jua ya mitumba. Mwanga ule huchoma macho bila mtu kusikia kitu. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, usiku, ukahisi kana kwamba mchanga umemwagwa machoni. Bomba lililopakwa zinki nalo likichomwa hutoa moshi mweupe, na aliyeuvuta hutetemeka kwa homa jioni. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanawakinga, lakini maziwa huenda tumboni na moshi umeshaingia mapafuni. Kinachomkinga ni kuiparua ile zinki kwanza mahali pa kuchomelea, kufanyia kazi penye hewa, na kuvaa barakoa inayofaa. Kofia ya kuchomelea yenye kioo sahihi, glavu za ngozi, aproni, buti. Hivyo ndivyo vitabu vyake, na vinahitaji mchango kama vitabu vingine.

Umesema pia kwamba ni kazi ya wanaume, na kwamba utaogopa akiwa peke yake kati yao. Hofu hiyo ni ya haki, nami ni mwanamume ninayefanya kazi hapo na najua maneno yanayosemwa. Kwa hiyo tusimpeleke popote tu. Tuchague karakana ambayo tayari ina msichana au mama anayefanya kazi, yenye choo kinachofungwa, na fundi mkuu asiyecheka mambo ya ovyo yakisemwa. Nimeshaona mbili za namna hiyo.

Kuhusu chuo, nimezunguka na nitazidi kuzunguka. Ukifika usiishie ofisini. Uliza kama kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi, kisha omba uonyeshwe karakana wakati wa masomo, si saa ya chakula. Hesabu mashine na uhesabu wanafunzi. Tazama kama kuna vipande vya chuma vilivyokatwa sakafuni, au kama mashine zimefunikwa vumbi na zimewekwa kwa ajili ya wageni. Vipo pia vyuo vya ufundi vya kaunti, zile tulizoziita polytechnic za vijiji, ambavyo katiba ya 2010 ilivikabidhi serikali za kaunti, na karo yake mara nyingi haiumizi. Napenda asome chuoni siku za wiki na Jumamosi aje karakanani, ili nadharia na mkono vikue pamoja. Tukimweka kwa fundi, tuandikiane naye mkataba: atamfundisha nini, kwa muda gani, na lini atamruhusu kushika kazi ya mteja.

Akitaka kurudia kidato cha nne kwa hiari yake, nitakuwa wa kwanza kumlipia. Ila muulize, dada, mkiwa wawili tu, na umwache amalize kusema.

Nimeshawapigia wajomba na yule shangazi wa Thika, na wamekubali tukutane kwako Jumapili baada ya ibada. Mimi nitatoa kofia, glavu na buti. Wewe waambie akina mama wa chama chako, maana ndio waliobeba ile harambee ya kwanza. Na mwambie binti atoe nakala za cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na matokeo yake ya KCSE, aziweke kwenye bahasha moja, ili Jumatatu asubuhi nimpitie twende naye kujisajili kwa muhula wa Mei kabla nafasi hazijajaa.

Ni mimi mdogo wako,
Kariobangi