Mkiulizia mshahara wa Uarabuni, ulizieni na lugha ya nyumba

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake hili jambo limenikaa kooni tangu wiki jana. Binti ya dada yangu amekuja kwangu na mikataba miwili ya kazi za nyumbani, mmoja wa Saudia riyal 1000 kwa mwezi, mwingine wa Muscat rial 90 za Oman, ananiuliza mama mdogo, wapi kuna pesa. Nikampigia hesabu ya dola, Saudia inakuja kama 266, Oman kama 234, yaani tofauti haifiki hata dola 35, na kwa hizo dola alikuwa ashachagua. Hakuuliza watu wa nyumba wanaongea lugha gani, hakuuliza joto, hakuuliza akikwama atamwita nani.

Mimi nimefanya kazi Dammam kule Saudia miaka miwili na Muscat minne kwa hivyo ninayosema nimeyapitia.

Nianze na lugha, manake watu wanadhani lugha ni mambo ya kupiga gumzo tu. Nilienda Dammam na Kiarabu cha madrasa, nasoma vizuri kabisa, lakini Kiarabu cha msahafu sicho wanachoongea jikoni. Siku ya kwanza nikaambiwa nilete mikwa, mimi nikaleta sufuria, kumbe wanataka pasi. Hayo ni madogo. Mwezi wa tano nikashikwa na maumivu chini ya tumbo upande wa kulia, nikawa naonyesha kwa mkono, nasema tumbo, tumbo, kwa sababu hata neno la maumivu kwa Kiarabu chao sikuwa nalo, wakadhani ni hedhi wakanipa Panadol, nikaendelea kupiga deki siku mbili nimejikunja. Siku ya tatu nilianguka ndio nikapelekwa hospitali, kumbe ni kidole tumbo kimeshaanza kupasuka, nikapasuliwa usiku ule ule. Nesi mmoja aliniambia kwa Kiingereza ningechelewa kidogo tu ingekuwa mambo mengine. Sasa nikiwasikia wasichana wanasema lugha utaizoea huko huko, nalishika kovu langu. Lugha unaizoea ndio, lakini ugonjwa haukungoji uzoee.

Muscat ilikuwa dunia nyingine. Wengi hawajui kwamba Oman kuna familia nyingi tu zinazoongea Kiswahili, watu waliotoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine walioitwa warudi Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970, na wapo waliotoka huku bara mpaka Burundi na Kongo. Nyumba niliyofika bibi alikuwa mtu wa Unguja, nimeshika begi mlangoni akaniambia mwanangu karibu, ushakula? Jamani nililia pale pale. Sisemi wote ni wema, mtu anaweza kukutukana kwa Kiswahili safi vile vile na kazi ilikuwa nyingi, lakini nikiumwa nilisema naumwa wapi, na mshahara ukichelewa niliuliza mwenyewe nikajibiwa. Kwa hivyo muulize ajenti waziwazi, nyumba hii wanaongea Kiswahili, Kiingereza au Kiarabu peke yake, na kama anaweza akuunganishe na simu uwasikie kwa masikio yako.

Joto nalo. Sisi wa Pwani tunajidanganya ati tumelizoea, lakini joto la Mombasa lina upepo wa bahari, la Muscat mwezi wa sita linapita digrii 40 na usiku halishuki la maana. Matangi ya maji yako juu ya paa, ukifungua bomba la maji baridi yanakuunguza, basi tulikuwa tunazima hita ya bafuni na kuoga maji yake kwa sababu hita iko ndani kwenye kivuli. Wanaokwenda kazi za mjengo wajue kuna sheria, Saudia inakataza kazi za juani kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, tarehe 15 Juni mpaka 15 Septemba, na Qatar tangu 2021 ni saa nne asubuhi hadi saa tisa unusu kuanzia 1 Juni. Dada wa nyumbani anayeanika nguo kwenye paa saa saba hana wa kumhesabia hayo masaa. Ukipata nafasi ya Salalah, kusini mwa Oman, usiidharau, Julai na Agosti kunanyesha manyunyu, milima inageuka kijani, na barabarani wanauza madafu na ndizi utadhani uko Kilifi.

Usalama ndio ajenti hataki kuuongelea kabisa. Saudia Machi 2021 waliruhusu wafanyakazi wabadilishe mwajiri bila idhini ya kafili, yaani yule mwajiri anayekudhamini viza, lakini wa majumbani hawakuhesabiwa humo. Qatar waliondoa idhini hiyo 2020 hadi kwa wa majumbani, na Machi 2021 wakaweka kima cha chini riyal 1000. Haya mtu ayajue kabla hajasaini. Na aulize kama kuna ubalozi wetu. Tuliona Beirut kule Lebanon, Agosti 2020 baada ya ule mlipuko wa bandari, wasichana wa Kenya wakapiga kambi nje ya ofisi ya konseli wakitaka kurudishwa nyumbani, nchi ambayo wakati ule ubalozi kamili hatukuwa nao.

Mimi Dammam simu nilinyang'anywa miezi mitatu ya kwanza. Kwa hivyo nilipokwenda Muscat namba ya ubalozi na ya dada yangu nilizidarizi kwa uzi kwenye pindo la leso, manake karatasi inapotea na simu inachukuliwa lakini leso hakuna anayeitaka.

Kwa serikali ombi langu ni moja. Mafunzo ya kabla ya kusafiri niliyopitia mimi yalikuwa ya mashine ya kufulia, pasi na kutandika vitanda, Kiarabu tulipewa siku mbili za salamu. Ongezeni siku, mfundishe Kiarabu cha Ghuba chenyewe, na muanze na maneno ya mwili, naumwa hapa, sijalala, sijalipwa, nataka daktari.

Binti yetu bado hajasaini. Jumatatu tunakwenda naye kwa ajenti, tutauliza ile nyumba ya Saudia wanaongea lugha gani na tutaomba kuongea na dada aliyekuwepo kabla yake. Leso nishamnunulia, uzi anachagua mwenyewe.

Msomaji wenu,
Kisauni, Mombasa