Wauza MP3, wekeni kadi ya kujaribia kaunta

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenye maduka ya Kariakoo wanaotuuzia pleya za MP3, zile ndogo za kubana kwenye shati. Mimi ni fundi simu hapa Tandika, na lawama za biashara yao zinaishia mezani kwangu.

Juzi kaja mzee mmoja, mlinzi wa yadi Chang'ombe. Simu hataki iishe chaji usiku, bosi anaweza kupiga saa yoyote, ndiyo maana kanunua pleya pamoja na memori kadi iliyoandikwa GB 64. "Fundi, nyimbo zangu zimeliwa," akaniambia. Nikachomeka. Majina yote yapo: taarabu, kaswida, hadi mawaidha. Ukibonyeza wimbo unarukia unaofuata, na huo nao unaruka. Pleya nzima kabisa. Kadi ndiyo ya uongo: ndani ina GB 8, ila imechezewa ijitangaze kuwa ya 64. Ukishapita hizo 8, unachoingiza hakina pa kukaa, au kinafuta kilichotangulia, na kompyuta inaendelea kunakili mpaka mwisho wala haikushtui. Niliifomati kadi kwa kompyuta ibaki na GB zake za kweli tu, ikaimba. Pesa yake ndiyo imekwenda. Dukani walimwonyesha risiti: mali ikishauzwa hairudishwi.

Kadi kama hiyo inaumbuka kwa kujazwa. Zipo programu za bure, H2testw na F3, zinaijaza yote kisha zinasoma upya kilichoingia. Kazi hiyo inakula muda, sisemi mteja asimame kaunta akisubiri. Lakini muuzaji anayeshusha boksi zima anashindwa nini kupima mojawapo usiku?

Wateja nao, wakishika pleya wanauliza "ina GB ngapi?" Ulizeni inapokea kadi mpaka ya ngapi. Nyingi za bei ya chini zinaishia GB 32. Kadi za kuanzia 64 zinatoka kiwandani zimefomatiwa exFAT, yaani mpangilio mpya wa kuweka faili kwenye kadi, na pleya nyingi za zamani hazielewi huo. Baadhi zinakubali ukiifomati kadi upya kwa FAT32, mpangilio wa zamani, baadhi zinagoma, kwa hiyo ichomeke ukiwa bado na hela mkononi. Na vijana wanaosaka iPod ya mtumba wajue haikuwahi kuwa na tundu la kadi tangu ilipotoka 2001 mpaka Apple ilipotangaza mwisho wake 2022. Memori uliyoikuta ndiyo hiyo hiyo.

Halafu hizo 64 ni za nini hasa? MP3 ya kawaida, ile ya kilobiti 128 kwa sekunde, inakula karibu MB 1 kwa dakika. Taarabu ya dakika 12, na zinajulikana kwa urefu, ni kama MB 12. GB 8 za kweli zinabeba zaidi ya saa 130. Mlinzi wa zamu ya saa 12 anakesha usiku kumi hajarudia wimbo. Anayesikiliza FLAC, faili za muziki zisizopunguzwa ubora na zinazokula nafasi zaidi, huyo sawa, atafute kadi kubwa.

Ombi langu kwa wenye maduka: wekeni kaunta kadi moja halali ya GB 32 ya kujaribia kila pleya, na mteja apewe walau wiki ya kurudisha kadi iliyomdanganya.

Fundi simu,
Tandika, Dar es Salaam