Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Nne kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwenyekiti wa Bodi, walimu, wazazi na walezi, itifaki imezingatiwa.

Shule hii ilianza na madarasa mawili. Leo taaluma imepaa: katika mtihani wa utamilifu tumeshika nafasi ya tatu kati ya shule nne za kata. Mafanikio mengine ni mengi, ila tunajua ratiba yako imebana.

Mheshimiwa, kilio chetu ni maabara. Vifaa tunavyo, umeme wa kuviendesha ndio hatuna. Friji la msaada limechakaa mpira wa mlango, tumelifunga kwa kamba ya katani, na mota yake hainyamazi usiku wala mchana. Oveni ya kukaushia ni ya wati 2,000. Ikiwashwa, mita ya LUKU inalia kabla kipindi hakijaisha, kwa hiyo vyombo tunavifudikiza kwenye kichanja vikauke vyenyewe. Kukeneka lita moja ya maji, yaani kuyachemsha na kuukusanya mvuke wake uwe maji safi, hakupungui uniti 0.7 za umeme, hata mashine iwe mpya. Mwalimu wa kemia siku hizi anakinga ya mvua kwa majaribio yasiyohitaji usafi wa hali ya juu.

Kwa heshima, tunaomba tusiletewe tena mashine kubwa zilizochokwa kwingine. Ya mwisho ilikatiwa utepe kwa vigelegele. Ilipowashwa, swichi kuu ikaanguka. Tunaomba kabla ya kununua isomwe lebo ya wati nyuma ya kifaa, siyo bei peke yake.

Tunachohitaji ni friji dogo jipya na hadubini kumi za taa ya LED. Zetu za sasa zina balbu za halojeni za wati 20, zikiungua hapa mjini hazipatikani. Za LED za wati 3 zote kumi zinakula wati 30, mzigo ambao paneli moja ya sola na betri yake vinaumudu. Oveni ile sola ndogo haiiwezi.

Tumetaja sola kwa sababu mgeni rasmi aliyekutangulia alituahidi. Mafundi walikuja, wakapima paa, wakapiga picha. Tunashukuru sana kwa vipimo. Paa bado lipo.

Mheshimiwa, tungefurahi kusikia kutoka kwako leo, mbele ya wazazi, ni kipi kitakuja na mwezi gani. Katibu wa Bodi ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.