Eneo juu ya eneo si jibu la kila swali la uwezekano

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nieleze jambo kuhusu mada ya uwezekano pale inapokutana na maumbo. Wanafunzi wengi wa sekondari hukariri kwamba uwezekano ni eneo linalotakiwa kugawanywa kwa eneo lote, na kanuni hiyo ni sahihi. Kasoro ni kuitumia kabla ya kujiuliza ni nukta gani hasa inayoangukia eneo hilo.

Mchezo wa Wafaransa uitwao franc-carreau, ambao mwanasayansi Mfaransa Georges-Louis Leclerc, maarufu kwa jina la Buffon, aliuwasilisha katika Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1733, unalionyesha hilo vizuri. Sarafu hurushwa juu ya sakafu ya vigae vya mraba, na wachezaji hubishania kama itatua ndani ya kigae kimoja bila kugusa mstari.

Tuchukue kigae chenye upande wa sentimita 4 na sarafu yenye kipenyo cha sentimita 2. Aliyekariri hutafuta eneo la sarafu, yaani takriban 3.14, akaligawanya kwa 16, na jibu analopata halihusiani kabisa na swali. Kinachopaswa kufuatwa ni kitovu cha sarafu: ili mstari usiguswe, ni lazima kitovu kiwe umbali unaozidi sentimita 1 kutoka kila upande, kwa hiyo nafasi yake ni mraba wa ndani wenye upande wa sentimita 2 tu. Eneo la mraba huo ni 4, la kigae ni 16, na uwezekano ni robo. Ili pande zote mbili za ubishi ziwe na nafasi sawa, upande wa kigae unapaswa kufikia takriban sentimita 6.83, kipimo ambacho mwenye mchezo anayetaka faida hatakikubali.

Hesabu hiyo yote inategemea sharti kwamba kitovu kinaweza kuangukia popote kwa usawa. Ndiyo maana siupendi mfano wa ubao wa vishale unaorudiwa darasani, kwa sababu anayerusha kishale hulenga katikati. Mwanahisabati Mfaransa Joseph Bertrand alionyesha mwaka 1889 ubaya wa kuliacha sharti hilo bila kutajwa: ukiuliza uwezekano wa mstari unaounganisha nukta mbili za mzingo wa duara kuwa mrefu kuliko upande wa pembetatu ya pande sawa iliyochorwa ndani yake, utapata nusu, theluthi au robo, kutegemea mstari huo umechaguliwa kwa njia ipi.

Nawaomba watunga mitihani walitaje sharti hilo ndani ya swali lenyewe, na wasahihishaji watoe alama kwa mwanafunzi aliyechora eneo la kitovu hata kama amekosea kugawanya.

Mwalimu wa Hisabati,
Morogoro